Upande wa Pili wa Mbaraka

Albamu niipendayo kuliko zote haikupangwa na mwimbaji wake. Mbaraka Mwinshehe Mwaruka alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari huko Mombasa, akiwa na miaka 34. Miaka ya 1980 kampuni ya santuri ya Nairobi ikaanza kuzikusanya nyimbo zake na kuzitoa kwa mfululizo, kila toleo na namba yake, zote kwa jina moja: Ukumbusho. Kwa hiyo mapenzi yangu yalianza na kitu ambacho mwenyewe hakukiona.

Mbaraka alikuwa mtu wa mkoa wetu wa Pwani, mzaliwa wa Mzenga, Kisarawe, ila jina alilipatia Morogoro. Nasi watu wa Chalinze tunaijua Morogoro vizuri, maana tumekaa njia panda: gari likitoka Dar es Salaam, hapa ndipo linapoamua kunyoosha Morogoro au kukata kwenda Msata, Segera na Tanga. Zamani zile Morogoro ilikuwa na bendi mbili zilizougawa mji kama Simba na Yanga: Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz, aliyoingia Mbaraka akiwa kijana katikati ya miaka ya 1960.

Kwetu ugomvi huo ulikuwa chini ya paa moja. Baba mdogo, utingo wa lori la masafa, alikuwa Cuban damu. Mkewe alikuwa Morogoro Jazz, na hakuficha. Salum Abdallah alikwishafariki tangu 1965, naye kwa ajali ya gari (barabara hizi zimetunyang'anya waimbaji), lakini baba mdogo alimtetea kama mtu atakayepanda jukwaani Jumamosi inayokuja. Mama mdogo alikuwa na jibu moja tu, na lilitosha. "Hao Cuban wako walifika Japani?" Morogoro Jazz walikwenda Osaka kwenye maonyesho ya Expo ya mwaka 1970, wakarudi na wimbo wa safari hiyo. Baba mdogo alikuwa akinyanyuka kwenda kuangalia betri.

Betri zilikuwa juu ya bati, zimeanikwa. Tulikuwa na redio kaseti ya National iliyokula betri sita, na zikichoka zilipigwa jua mchana kutwa ili zitupe walau nyimbo mbili tatu za jioni. Kaseti yenyewe ilikuwa imerekodiwa na mtu wa Kariakoo kutoka kwenye sahani ndogo. Hapa inabidi nieleze, maana vijana hawakuyaona mambo haya. Upande mmoja wa sahani ndogo hubeba dakika nne, tano hivi. Wimbo wa dansi wa bendi zetu ulikuwa mrefu zaidi ya hapo, kwa hiyo studio iliukata: sehemu ya kwanza upande wa kwanza, sehemu ya pili upande wa pili. Sauti hufifia katikati, unaigeuza sahani, wimbo unaendelea. Yule bwana wa Kariakoo, kwa kubana utepe au kwa uvivu, alirekodi upande wa kwanza tu.

Basi nimekua nikizijua nyimbo za Mbaraka nusunusu. Anaimba, wenzake wanaitikia, gitaa linaanza kuchangamka, halafu sauti inazama taratibu na wimbo mwingine unaingia. Niliona ndivyo zilivyo. Mama mdogo ndiye aliyekuwa hakubali. Namwona na ungo mapajani, anachagua mchele, vidole havisimami, wimbo unafifia, naye anasema, "Bado, huo haujaisha," kisha anaumalizia kwa mdomo. Si maneno, gitaa. Alilitia solo lote kwa ulimi, ti-ri-ri-ti, na pale anapoingia mpiga saksofoni alishusha sauti akapuliza kwa mashavu. Mawe ya mchele aliyatupa kwa kufuata tumba.

Santuri za Tanzania wakati huo zilitoka Nairobi, kwa kuwa nchini hatukuwa na kiwanda cha kuzifyatua. Bendi zilirekodi Radio Tanzania kwa ajili ya kusikika, na zikitaka sahani zilifunga safari kwenda Kenya. Mpaka ulipofungwa mwaka 1977, muziki wetu wenyewe ukawa bidhaa ya magendo. Ulifunguliwa mwishoni mwa 1983, mwaka uleule wa kuwasaka wahujumu uchumi, ambapo watu walitupa hadi vitu vyao halali. Baada ya hapo ndipo baba mdogo, yule Cuban, aliporudi safari na Ukumbusho ya kaseti, ya dukani, yenye picha. Alimkabidhi mkewe bila kusema neno.

Humo nyimbo zilikuwa na sehemu zote mbili, zikifuatana. Sitaki kutia chumvi, lakini siku hiyo nilijifunza kwamba nyumba niliyoizoea ina uani. Sauti zinaondoka. Gitaa la rithim linabaki kwenye kijifungu kimoja, linakizungusha bila kuchoka, besi inatembea chini yake, na Mbaraka anaanza kulisemesha solo. Halina haraka. Linataja jambo, linalirudia kwa kulipindua kidogo, linapanda, linashuka. Waliomwita Soloist National hawakumpendelea. Na mama mdogo, kwa kumbukumbu ya kumbi za Morogoro, alikuwa hajakosea sana kwa ule ulimi wake.

Kwa miaka mingi sikutaka kingine. Nilikuwa napeleka kaseti mbele kuruka uimbaji, nifike kwenye chemko, yaani ile sehemu ya magitaa. Utepe ulilia, ukaliwa, tukauvuta nje kwa biro, tukaunga kwa selotepu. Mahali pa kiungo gitaa linaruka, na hadi leo nikisikia nakala nzima masikio yangu yanaruka hapohapo.

Miaka ya 1990 stendi ya Chalinze ilijaa vibanda vya kurekodi kaseti, spika zikishindana na wauza korosho na mayai ya kuchemsha. Wateja walitaka Pepe Kalle na Koffi Olomide. Baadaye wakataka Bongo Fleva. Mbaraka alibaki kwa madereva wa usiku. Mimi nami nilianza kuendesha, na usiku barabarani ndipo nilipoacha kuiruka sehemu ya kwanza. Wimbo wa Shida, wa enzi za Super Volcano, bendi aliyoianzisha 1973, niliupenda utotoni kwa gitaa. Ukishakuwa na ada za shule na kodi ya nyumba, unasikiliza mengine. Haimbi kwa kulia. Sauti yake haina mapambo, imekaa katikati ya kifua, inasema jambo zito kwa utulivu wa mtu anayekushauri barazani, na waitikiaji wanamwegemea bila kumfunika. Waimbaji wengi wa dansi walikuwa na sauti tamu kuliko yake. Wachache ungewaamini vile.

Miaka michache iliyopita mpwa wangu Idi aliingia TaSUBa, chuo cha sanaa Bagamoyo. Tangu barabara ya Msata iwekwe lami huja mara kwa mara, na safari moja alinichezea kwenye simu albamu ya Wamarekani, Ella Fitzgerald na Louis Armstrong, ya mwaka 1956. "Mjomba, hii ndiyo jazi," akasema, kwa ile huruma ya wasomi. Kiingereza chake sikukifuatilia. Nilichosikia ni yule mzee mwenye sauti ya mkwaruzo anamaliza ubeti, kisha anaichukua tarumbeta na kuendelea na mazungumzo yaleyale. Koo likifika mwisho wake, chombo kinapokea. Mtu ni mmoja. Nikamwambia huyo namjua, wa kwetu alishika gitaa. Tangu hapo Ella na Louis wamo kwenye kadi yangu ya kumbukumbu, na ndio wageni pekee.

Hiyo kadi ina vituko vyake. Aliyeniwekea nyimbo alizigawa tena, sehemu ya kwanza faili lake, ya pili faili lake, na simu inapenda kuchanganya. Mara gitaa linajibu swali ambalo halijaulizwa. Linakuja solo, kisha wimbo wa mtu mwingine, kisha ndipo Mbaraka anafungua kinywa. Wenye umri wangu nikiwasimulia wanasikitika. Mimi wala: nimemsikia nusu ya mbele, nimemsikia mzima, sasa namsikia kinyumenyume, na bado hajanichosha.

Mpwa, kwa bahati mbaya, amerithi ya babu yake mdogo. Ameanza kunukuu nyimbo za Cuban Marimba kwa noti, na anadai kwa koo pekee Mbaraka hamfikii Salum Abdallah hata kidogo. Nimemwambia Idi aje tusikilize mmoja baada ya mwingine, mama mdogo awe mwamuzi. Amekubali, ila anasema mwamuzi ana upande.