Kutoka Stesheni Hadi Luthuli kwa Miguu

Shangazi alishuka garimoshi katika stesheni kuu ya Nairobi saa tisa na ushei alasiri, leso mabegani, redio yake mbovu ndani ya kikapu. Alikuwa ametoka Voi kwa reli ya kisasa, SGR, na kubadilisha treni kule Syokimau. Katika safari hiyo ya zaidi ya kilomita 300 hakuwa na lalamiko hata moja.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, baba. Huyo fundi wa Luthuli yuko mbali?"

Nikamwambia ni hapo tu. Kwa kijana ni mwendo wa robo saa hivi. Nilikuwa nimesahau goti lake.

Msomaji anajua kwamba jiji hili lilizaliwa hapa. Reli kutoka Mombasa ilifika mwaka 1899, yakasimamishwa mahema na karakana, na mji ukakua kando yake. Barabara ya Moi, iliyoitwa Government Road enzi za ukoloni, ingali inatoka upande wa stesheni na kupenya hadi katikati ya mji. Mtu angetarajia basi kwamba anayeshuka treni atapokewa vyema. Anachopata kwanza ni steji ya matatu ya Railways, ambako makanga wawili waling'ang'ania kikapu cha Shangazi, mmoja akimvuta kuelekea Rongai na mwingine Lang'ata. Kisha akakutana na Barabara ya Haile Selassie.

Hapa watu huvuka kwa umati. Mmoja husimama ukingoni, akaja wa pili na wa tano, na wanapofika kama ishirini huingia barabarani kwa pamoja, maana dereva anaweza kumtisha mtu mmoja lakini si ishirini. Umati wa kwanza ulituacha. Wa pili pia, kwa sababu goti lilikataa mbio.

"Kumbe Nairobi hata kuvuka ni kwa harambee," Shangazi akasema.

Tulivuka na wa tatu. Basi moja lilipita karibu sana na mgongo wangu hata nikahisi joto la injini yake. Shangazi alitaka kupumzika, tukasimama kando ya Bustani ya Kumbukumbu ya Agosti 7, palipokuwa ubalozi wa Marekani uliolipuliwa mwaka 1998 na kuua watu zaidi ya 200.

Mbele, njia ya miguu ilikuwa imejaa wachuuzi wa soksi, vitabu na ndizi. Sina ugomvi nao. Mchuuzi hufuata ilipo miguu ya watu, na miguu imefinyiwa mahali pembamba. Lakini aliyekosa nafasi hushuka barabarani, na huko kuna mikokoteni, bodaboda na matatu zinazorudi kinyumenyume. Tulipoifikia sanamu ya Tom Mboya, mbele ya Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, Shangazi aliitazama kwa muda mrefu. Alikuwa msichana mdogo Mboya alipouawa mwaka 1969, katika barabara hii hii tuliyotoka kuipita.

Mambo yalibadilika tulipoingia Luthuli. Wanaoikumbuka barabara hiyo ya zamani wanakumbuka matatu zilizobanana, honi, na muziki wa kila duka ukishindana na wa jirani. Mwaka 2019 serikali ya kaunti, ikisaidiwa na shirika la UN-Habitat lenye makao yake hapa hapa Gigiri, iliondoa matatu, ikayafanya magari yaende upande mmoja tu na kupanua njia za miguu. Muziki haukuondoka, na siku hiyo bodaboda kadhaa zilikuwa zimeegeshwa palipotengewa watu. Hata hivyo Shangazi aliuachia mkono wangu. Alitembea peke yake akitazama madirishani, akauliza bei ya feni asiyotaka kununua.

Ndipo nilipoelewa kwa nini marufuku ya matatu ya Desemba 2018 ilishindwa. Magari yaliamriwa kuishia nje ya katikati ya jiji, abiria wakashushwa Muthurwa, Ngara na kwingineko, wakatembea na watoto na mizigo katika njia zile zile mbovu. Haikupita siku mbili amri ikasitishwa. Watu hawakukataa kutembea, kwani sehemu kubwa ya wakazi wa Nairobi hutembea kila siku. Walichokosa ni njia. Kumwondolea abiria basi kabla ya kumpa pa kupita ni kumvua kandambili na kumwelekeza kwenye miiba.

Nia imekuwako. Sera ya kaunti ya mwaka 2015 iliahidi kutenga asilimia 20 ya fedha za barabara kwa ajili ya wanaotembea na waendesha baiskeli. Miaka michache baadaye Barabara ya Kenyatta na ile ya Wabera zilitengenezwa, zikapata njia pana za miguu, na Kenyatta ikapata na ya baiskeli. Ni kazi nzuri, nami huipita kwa furaha. Lakini iko upande wa mabenki na hoteli. Anayeshuka treni akielekea River Road, akiwa na kikapu kama cha Shangazi, haipiti. Kwake ingefaa zaidi taa moja pale Haile Selassie, inayosimamisha magari kwa muda wa kutosha goti la mzee, na steji ambayo mabasi hayaizibi njia ya kuingilia stesheni.

Fundi alibadilisha spika na kuifunga redio kwa gazeti. Tulirudi haraka ili tuiwahi treni ya jioni ya Embakasi. Giza lilikuwa limeanza kuingia tulipofika tena Haile Selassie, na umati ulikuwa mkubwa kuliko ule wa mchana. Shangazi alinikabidhi kikapu, akakaza leso yake, akanishika mkono.

"Tunangoja wangapi?" akauliza.