Ufunguo wa besi

Kijana mmoja mpiga besi, aliyekimbia Kavumu Februari 2025, aliacha godoro akabeba gitaa lake. Sasa anapigia kwaya hapa Bukavu. Lakini shingo ya gitaa ilikuwa imepinda, nyuzi zikakaa juu, vidole vikauma.

Ndani ya shingo mna chuma kinachokazwa kwa ufunguo wa pembe sita, ule mafundi wa pikipiki wanauita alen. Siku mbili aliutafuta soko la Kadutu. Namba 5 ulikataa kuingia. Namba 4 ulizunguka bure. Muuzaji akamwambia aupige namba 5 kwa nyundo. Alikataa, na alifanya vema, maana tundu likilika, shingo hiyo haitengenezeki kirahisi.

Fundi mzee wa magari ndiye aliyesoma maandishi kichwani.

“Hii ya Marekani, mwanangu. Wale wanapima kwa inchi.”

Akatoa 3/16, karibu milimita 4.8. Ukaingia bila nguvu.

“Papa, nalipa ngapi?”

“Urudishe tu.”

Kijana alilegeza nyuzi, akazungusha robo, akangoja hadi kesho yake, akaongeza kidogo. (Besi nyingi za Asia zinatumia 4 au 5, hizo hazisumbui.) Jumapili alipiga ibada nzima. Jumatatu asubuhi akapeleka ufunguo: mzee anao mmoja tu.