Hesabu ya Ndege Katika Mabonde ya Nyeri

Mji wa Nyeri umekaa baina ya milima miwili mikubwa: mashariki uko Mlima Kenya, na magharibi safu ya Nyandarua. Msafiri aliyetoka mjini akielekea kusini hupanda na kushuka vilima vingi hata afike Mukurweini, nchi ya kahawa na migomba, ambako mito itokayo Nyandarua hupita chini katika mabonde membamba. Kingoni mwa mito hiyo hapajalimwa pote. Kuna vichaka vilivyosongamana, na aghalabu ni vya lantana, mmea wa miiba ulioletwa zamani kutoka Amerika.

Ndani ya vichaka hivyo huishi ndege asiyepatikana katika nchi nyingine yoyote ila Kenya. Wataalamu humwita zogoyogo wa Hinde, kwa kumkumbuka Bwana Hinde, aliyekuwa afisa wa Serikali ya Kiingereza. Aliandikwa katika vitabu mara ya kwanza mwaka 1900. Si ndege wa kuvutia macho. Rangi yake ni ya udongo yenye madoa meupe, na macho yake ni mekundu. Hutembea kwa makundi madogo ya jamaa, wakipekua majani makavu kutafuta wadudu, na wote husaidiana kulea makinda. Makao yake mengine ni mabonde ya Kianyaga, upande wa Kirinyaga, na sehemu chache za Meru, Embu na Ukambani. Amewekwa katika orodha ya ulimwengu ya ndege walio hatarini.

Basi hao ndio wanaohesabiwa na wenyeji wanaojitolea, wakulima kwa walimu, bila mshahara. Kazi huanza alfajiri, kabla jua halijawa kali. Watu wawili watatu hufuata ukingo wa mto; mmoja hushika darubini, mwingine daftari. Mahali penye kichaka husimama kimya, kisha husikilizisha sauti ya ndege iliyonaswa katika mashine. Kila kundi lina eneo lake na hulilinda sana, hivyo likisikia sauti ya wageni hutoka kwa kelele kuja kuwakabili, na hapo huhesabiwa. Sauti hiyo haifai kurudiwa mno, maana ndege wataacha kulisha makinda wakapigane na adui asiyekuwapo. Huandikwa saa, mahali, idadi, na hali ya kichaka chenyewe.

Desturi hii ina ndugu zake ng'ambo. Huko Amerika, siku ya Krismasi ya mwaka 1900, watu 27 walitoka kuhesabu ndege badala ya kuwapiga bunduki, kwa ushauri wa Bwana Frank Chapman, na hesabu hiyo hufanywa kila mwaka. Hapa Kenya, tangu mwaka 1991 Makumbusho ya Taifa pamoja na watu wa kujitolea wamekuwa wakihesabu ndege wa maziwani kila Januari. Mwezi huo ni wa baridi kali huko Ulaya, lakini kwetu ni wa jua, na ndege wengi huja kwetu kukimbia njaa. Penginepo huhesabiwa tena Julai, wakati ambapo Nyeri nayo imefunikwa na ukungu na wazee wameketi karibu na moto. Wageni wameondoka, wamebaki wenyeji. Zogoyogo ni mwenyeji wa miezi yote. Hana kwingine pa kwenda.

Hapa ndipo lilipo jambo zito. Tangu miaka ya 1950, wenyeji walipoanza kupanda kahawa kwa wingi, mkulima mwenye bidii amesifiwa kwa shamba safi lisilo na kichaka. Tena lantana si rafiki wa mfugaji, kwani ng'ombe akiila huugua. Ardhi imegawanywa kwa watoto na wajukuu, na kila kipande kinatakiwa kutoa chakula na karo. Ni nani awezaye kumlaumu baba wa watoto sita akifyeka kichaka apande viazi vikuu? Lakini kichaka kikifyekwa chote bila kupandwa miti ya asili mahali pake, kundi lililoishi humo hukosa kiota na kimbilio.

Njia ya kati iko. Sheria za nchi hazimruhusu mtu kulima mpaka ukingoni mwa mto, kwa sababu udongo hubebwa na maji. Ukanda huo mwembamba ukiachwa, shamba halipungui kwa haki, mto hauchafuki, na ndege hupata nyumba. Anayetaka kuondoa lantana aiondoe kidogo kidogo, huku akipanda vichaka na miti ya asili, wala asisafishe bonde zima kwa msimu mmoja.

Wengine huuliza faida ya kuhesabu, kwa kuwa hesabu haizuii panga. Ni kweli, haizuii. Lakini wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye ng'ombe huhesabu kundi lake jioni ili ajue usiku huo huo kama mmoja amebaki malishoni, angali na nafasi ya kumtafuta. Watu wa Mukurweini wanafanya vivyo hivyo kwa ndege ambaye ulimwengu wote umewaachia wao na jirani zao wachache wamtunze.