Nahodha Hashindani na Upepo

Sisi wakazi wa Kasulu na Kibondo tumezaliwa katika nchi ya vilima na migomba, na habari za majahazi wengi wetu tulizijua kwanza katika Qurani, pale tunapokumbushwa kuwa vyombo vyendavyo baharini ni katika ishara za Mwenyezi Mungu, naye akipenda huutuliza upepo vikabaki vimesimama juu ya maji. Nimewasomesha watoto maneno hayo miaka mingi. Lakini maana yake ilizidi kuniingia mwishoni mwa mwaka 2016, nilipojaliwa kwenda Lamu kuhudhuria Maulidi yanayosomwa kila mwaka katika Msikiti wa Riyadha, ulioasisiwa na Habib Swaleh.

Katika siku hizo watu wa Lamu, pamoja na visomo, huwa na michezo ya halali: mbio za punda, kuogelea, na mashindano ya mashua. Haya ya mashua ndiyo niliyopenda kuwaeleza, hasa ninyi vijana.

Mji wa Lamu umeelekeana na kisiwa cha Manda, na kati yao pana mlango mwembamba wa bahari. Wakati wa kaskazi upepo hupita kwanza juu ya nchi kavu ya Manda, kwa hiyo haufiki sawasawa. Huja kwa mapigo, mara umelegea, mara umeshuka kwa ghafula. Na chini ya maji yamo mafungu ya mchanga. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa usiku na mchana, na mahali palipopitika asubuhi huenda adhuhuri pasipitike.

Mashua ni chombo kidogo cha mbao, chenye mlingoti mmoja na tanga la pembe tatu lililofungwa katika foromali ndefu. Mabaharia hukaa upande wa joshini, yaani utokako upepo, ili uzito wao uzuie chombo kisilale. Mmoja hushika demani, ambayo ni kamba ya kuongozea tanga. Mwingine hufua maji yanayoingia. Na nahodha yupo kwenye usukani.

Mzee mmoja niliyesimama naye gatini aliniambia: "Mwalimu, usitazame tanga. Tazama mkono wa mshika demani."

Nikatazama. Kila pigo la upepo liliposhuka, mkono ule ulilegeza kamba kidogo, na nahodha akaelekeza omo upande wa upepo. Chombo kikainuka, kisha kamba ikavutwa tena. Lakini mashua moja ya vijana wenye nguvu nyingi haikulegeza. Waliona haya kupunguza mwendo mbele ya watu, na pigo lililofuata likawapindua, mlingoti ukagota mchangani. Mashua nyingine ilikata njia juu ya fungu ili ifupishe safari, ikapanda mchanga ikakaa. Iliyoshinda ilizunguka mbali, penye maji makubwa.

Wale waliopinduka waliokolewa na mashua iliyowafuata, ambayo kwa kuwangojea iliiacha nafasi yake. Yule mzee akasema, "Mbio zitakuwapo mwakani. Watu huenda wasiwepo."

Imepokewa kwa Ibn Umar kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alishindanisha farasi: waliozoezwa aliwawekea masafa marefu, na wasiozoezwa akawawekea mafupi. Basi mashindano hayakukatazwa. Lililokatazwa ni kamari. Lakini tazameni hekima yake: asiyezoezwa hakufungiwa bandani, wala hakutupwa katika safari ya aliyezoezwa.

Mwaka uliofuata dada yangu alinijia na huzuni. Mwanawe alitaka kushuka Ujiji kufuatana na wavuvi wa dagaa. "Kaka, mkataze," akaniambia, "wewe ndiwe mjomba wake, atakusikia." Hofu yake haikuwa ya bure. Ziwa Tanganyika lina kina cha zaidi ya mita 1,400, na wakati wa kiangazi upepo wa kusini huamsha humo mawimbi makubwa.

Nilimjibu, "Dada, nikimkataza atakwenda kwa siri, na aendaye kwa siri hana mwalimu." Tukakubaliana juu ya mambo matatu: ajue kwanza kuogelea, asipande chombo bila jaketi la kujiokolea, na msimu wake wa kwanza awe wa kufua maji na kutii, asishike usukani. Kijana alinuna kidogo, kisha akakubali.

Enyi wazazi, watoto wetu watakutana na upepo tu, wa ziwani au wa mjini, tukipenda tusipende. Yatupasa kuwatafutia nahodha mwema kabla ya upepo kuwafikia. Nanyi vijana, kulegeza kamba kwa wakati wake si woga, na anayemwacha mwenzake majini ili awahi hana ushindi wa kujivunia. Mwenyezi Mungu atuongoze sote, Amin.