Singapore: Lala Karibu na Vyungu

Kutoka uwanja wa ndege wa Changi nilipanda treni, nikabadilisha Tanah Merah, nikashuka Bugis. Kampong Glam haiko mbali na kituo hicho kwa miguu, na hapo ndipo nilipotaka kulala, kwa sababu vyungu viko karibu.

Vitanda vya Singapore ni ghali. Hoteli ya Raffles, iliyofunguliwa mwaka 1887, niliitazama kwa nje nikapita. Nilipanga kwenye hosteli ya vijisanduku: kitanda, pazia, taa ya kusomea, mahali pa kuchajia simu, bafu la pamoja lililo safi. Ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa, katika zile nyumba kongwe zenye duka chini na makazi juu. Mbele ya nyumba hizo kuna vibaraza vyenye paa vinavyoungana mtaa mzima. Stamford Raffles, Mwingereza mwanzilishi wa koloni hilo, aliviagiza katika mpango wa mji wa mwaka 1822, na mvua ya alasiri iliponikuta njiani nilielewa kwa nini.

Msikiti wa Sultan uko hapo hapo. Chini ya kuba zake za dhahabu kuna mzunguko wa vitako vya chupa, mchango wa Waislamu maskini msikiti ulipojengwa upya na kukamilika mwaka 1932. Ng'ambo ya barabara ni mkahawa wa Zam Zam, unaopika murtabak tangu 1908. Mpishi aliurusha unga hadi ukawa mwembamba kama kitambaa, akaujaza nyama ya kusaga, vitunguu na mayai, akaukunja na kuukaanga, kisha ukaletwa na mchuzi wa kari. Nilikula hadi nikalegea.

Lakini moyo wa mji huu uko kwenye kumbi za wachuuzi wa chakula. Zamani walipikia barabarani. Kuanzia miaka ya 1970 serikali iliwajengea kumbi zenye maji ya bomba na mifereji, na mwaka 2020 UNESCO ikaitambua desturi hiyo kuwa urithi. Pale Tekka, katika mtaa wa Wahindi, soko la samaki na mboga liko jirani na vibanda vya biriani na dosa. Asubuhi kuna nasi lemak: wali wa nazi, dagaa wa kukaanga, karanga, yai na pilipili. Sahani nyingi hazizidi dola 7 za Singapore. Ukikuta pakiti ya tishu mezani, kiti hicho kina mwenyewe. Mwislamu atazame cheti cha halali kwenye kibanda. Hata mahali pa kurudishia sinia pametenganishwa, pa halali na pasipo halali, na kurudisha sinia ni sheria.

Meza moja niliketi na Mchina mzee aliyekuwa akila tambi, na wasichana wa Kimalay waliovaa sare za ofisi. Hakuna aliyemshangaa mwenzake. Wapishi wengi nao ni wazee, na vijana wengi hawataki kusimama motoni tangu alfajiri. Jambo hilo liliniuma kila niliposhika sahani.

Jioni nenda Lau Pa Sat, ukumbi mwingine wa wachuuzi. Mtaa wa Boon Tat hufungwa magari yasipite, meza hutandazwa barabarani na mishikaki ya satay huchomwa kwa mkaa. Agiza ya kuku na ya kondoo, na mchuzi wa karanga uombe wa ziada. Wahi mapema, viti hujaa.