Pumzi ya Probox

Sijawahi kuona maharusi wakipigia picha kwenye Probox. Ni gari ya kazi. Toyota waliianzisha mwaka 2002 ili ibebee makampuni ya Japani mizigo, na ilipotufikia sisi kama mtumba tukaipa kila kitu: miraa, mikate, maziwa, abiria wanane kwenye nafasi ya watano. Ya kwetu inabeba omena. Mama huinunua Usenge na kuiuza Kibuye, na mimi ndiye dereva. Siku zisizo za safari naandika.

Sasa jiulize kwa nini, kwa miezi mitatu mizima, nimekuwa nikitaka kuifungia inteki.

Kama hujui ninachosema, fungua bonneti ya gari lolote la kawaida. Utaona kisanduku cheusi cha plastiki. Ndani kuna filta ya karatasi iliyokunjwakunjwa, na hewa yote inayoingia kwenye injini hupitia hapo. Wenye kupenda magari hung'oa kisanduku hicho wakaweka bomba la alumini linalong'aa, na mwishoni mwa bomba filta yenye umbo la koni, iko wazi kabisa. Ukikanyaga mafuta, gari linavuta pumzi kwa sauti kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Muuzaji mmoja wa Nairobi alikuwa ananiuzia seti nzima kwa 16,500, nauli ya basi ikiwa ndani. Aliniahidi farasi kumi zaidi.

Na pesa nilikuwa nayo, jambo ambalo halitokei sana. Nilikuwa nimelipwa kwa makala 40 kuhusu mapaa ya nyumba za Canada, nchi ambayo sijaikanyaga.

Nisema ukweli, farasi hazikuwa shida yangu. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipogoma. Wenzangu walimaliza, na tunakutana kwenye matanga, maana huku kwetu Jumamosi ni ya kuzika. Subaru ya mmoja wao unaisikia kabla hujaiona. Inatoka barabara kuu, inanguruma kwenye vumbi, watoto wanakimbilia lango, wazee wanageuza shingo. Nikifika mimi, mtu ananiuliza kama nimeleta viti.

Mtu aliyeacha chuo huzoea kuingia mahali kimya kimya. Anakaa nyuma, anaomba asiulizwe siku hizi anafanya nini. Nilitaka, mara moja tu, kitu changu kitangulie kusema nimefika.

Binamu yangu alinitia moto. "Omera, hiyo gari inapumua na pua moja. Ifungue!"

Mama nilipomweleza hakuinua macho kutoka kwenye hesabu zake. "Itabeba magunia mangapi zaidi?"

"Hapana Mama, magunia ni yale yale. Itakuwa na nguvu zaidi."

"Nguvu ya kubeba nini?"

Kwa hiyo nikaipeleka kwa fundi wetu, mzee wa jua kali karibu na Kibuye ambaye kila mtu humwita Jaduong'. Nilimwonyesha picha kwenye simu. Hakucheka. Alifungua vile vibanio vya kisanduku, akatoa filta yangu, akaigonga taratibu kwenye kiatu chake. Ikamwaga mchanga mwekundu, na juu ya mchanga tabaka la vijidudu vikavu. Walikuwa wale nzi wa ziwa ambao jioni fulani huinuka juu ya maji kama moshi, ukadhani kuna meli inaungua huko mbali. Ukipita nao barabarani, kioo chote kinabadilika rangi.

"Nyathina," akasema, "hii ndiyo gari yako ilikuwa inakula. Inataka pua kubwa, ama inataka kupanguswa?"

Nilienda nyumbani na swali hilo nikafanya kile ninachofanya nikilipwa: nikasoma, nikapiga hesabu.

Injini ya lita 1.5 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika huvuta hewa lita 2,250 hivi kila dakika, kama silinda zinajaa sawasawa. Ni hewa nyingi, lakini kisanduku cha kiwandani kilipimwa kwa kazi hiyo. Probox haina tabo, kwa hiyo inapewa tu kile anga inachotoa. Na anga ya Kisumu ni bahili. Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, mahali ambapo kanieneo ya hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 12 ikilinganishwa na Mombasa. Hakuna bomba la alumini litakaloishusha Kisumu hadi baharini.

Halafu kuna joto. Koni iliyo wazi inakaa ndani ya bonneti, inavuta hewa iliyokwisha kuchemshwa na injini yenyewe. Hewa ya nyuzi 60 ni nyepesi kwa karibu asilimia 9 kuliko hewa ya nyuzi 30. Kwa hiyo kwenye foleni ya Kondele saa nane mchana, ningekuwa nimelipa 16,500 ili nipoteze nguvu. Zipo inteki zinazoshuka hadi chini nyuma ya bampa kutafuta hewa baridi. Lakini mvua ya masika ikinyesha, mto Nyando hufurika hadi uwanda wa Kano, na barabara ya Ahero inaweza kugeuka ziwa dogo. Injini hubana hewa. Maji hayabanwi. Silinda ikimeza maji ya kutosha, kinachopinda ni chuma cha ndani.

Hapo ndipo nilipokumbuka magari ya Safari Rally ya miaka ya 1990. Ukitazama picha zake, utaona bomba linalopanda pembeni ya kioo cha mbele hadi usawa wa paa. Ile nayo ni inteki, na kazi yake ilikuwa kuliwezesha gari livuke mto na lisimeze vumbi la aliye mbele. Watu wa mashindano, waliohitaji nguvu kuliko mimi na binamu yangu tukijumlishwa, walipofika Kenya walianza kwa kuilinda pumzi ya gari.

Jaduong' aliniongezea moja. Kwenye njia ya hewa kuna sensa ndogo, uzi mwembamba wenye joto, inayopima hewa inayoingia ili kompyuta ijue imwage petroli kiasi gani. Baadhi ya koni hupakwa mafuta ili zinase vumbi. Yakizidi, yanaganda kwenye uzi huo, vipimo vinapotea, taa ya injini inawaka, na gari linaanza kunywa petroli vibaya. Koni ya bei rahisi nayo ikiwa na matundu mapana, mchanga unaingia kwenye silinda na kusaga kidogo kidogo, bila kelele. Utajua baadaye, siku unapopanda kutoka Mamboleo kuelekea Kiboswa na lori la miwa linakupita.

Bado ningeweza kuifunga. Nataka uelewe hilo, kwa sababu hesabu hazimalizi hamu. Kama gari lingekuwa langu peke yangu, pengine ningeifunga kwa ajili ya sauti tu, nikajua ninanunua sauti, na sioni aibu yoyote hapo. Watu hununua viatu kwa sababu hiyo hiyo. Lakini logibuku bado ina jina la marehemu baba, na kila gunia linaloingia humo ni chakula cha nyumba nzima. Sina haki ya kucheza kamari na mapafu ya kitu kinachotulisha watu watano.

Nikamwandikia muuzaji kwamba sitachukua. Alinitumia punguzo, kisha hakujibu tena.

Nilinunua filta mpya ya karatasi kwa 900. Jaduong' akaisafisha ile sensa kwa dawa yake, akaniambia nikague kisanduku kila baada ya wiki tatu, na mapema zaidi wale nzi wakitoka. Pesa zilizobaki zilichukua tairi mbili za nyuma, kwa sababu za zamani zilikuwa zimeanza kuonyesha nyuzi. Gari limekuwa jepesi kidogo mguuni. Si farasi kumi. Labda ni zile zile ilizokuwa nazo chini ya mchanga.

Video za inteki bado nazitazama usiku, sauti ikiwa juu. Ila tukirudi kutoka Usenge, magunia yakiwa nyuma na madirisha yamefunguliwa kidogo kwa ajili ya harufu, Mama huegemeza kichwa kwenye mlango. Kufikia Bondo amelala. Haamki hadi Kisian, na mimi naendesha polepole, nikisikiliza injini inavyopumua bila kumsumbua.