Zipu ya Ubavuni

Mpe mwanafunzi wa ushonaji wa leo gauni la mwanzoni mwa miaka ya 1960, lile la kiuno kilichobanwa na sketi ya marinda, umwambie alivae. Atapapasa mgongoni, akose. Atapapasa mbele, akose. Mwishowe atalitia kichwani kwa nguvu mpaka mshono wa kwapani ulie. Hajui kwamba zipu ipo ubavuni, upande wa kushoto ili mkono wa kulia uifikie, inaanzia chini kidogo ya kwapa na kuishia nyongani, nayo imefunikwa na kitambaa cha gauni lenyewe kiasi kwamba jicho linaona mshono tu. Akishaonyeshwa ataliuliza swali ambalo fundi aliyelishona gauni lile asingelielewa: kwa nini waliificha? Kwake zipu ni kitu cha kutazamwa. Ameikuta mgongoni mwa magauni ya kitenge, ya dhahabu, nene kama reli, imetoka shingoni mpaka chini ya makalio, naye anadhani ndivyo ilivyokuwa tangu zipu iletwe duniani. Ujinga huo hauna kosa, maana hakuna aliyemwambia. Lakini swali lake ni zito kuliko anavyodhani, na majibu mepesi ya wazee, kwamba zamani kulikuwa na mafundi na sasa kuna wababaishaji, hayalitoshi.

Tuanze na tarehe tuzimalize. Whitcomb Judson alionyesha kifungio chake Chicago mwaka 1893, kikawa kinaachia ovyo. Gideon Sundback, mhandisi mzaliwa wa Sweden, akakirekebisha kufikia mwaka 1913 na kupata hataza ya meno tunayoyajua mwaka 1917. Jina lenyewe lilitokana na viatu vya mpira vya kampuni ya B. F. Goodrich mwaka 1923, likafuata mlio wake: zip. Mwaka 1934 Tadao Yoshida alianzisha Tokyo kampuni ambayo herufi zake tatu, YKK, zimechongwa kwenye vichwa vya zipu nyingi tulizovaa bila kuzisoma. Yote hayo ni kweli, na kwa fundi wa barazani hayana uzito wowote. Kwake zipu ilizaliwa siku ilipoanza kuning'inia dukani.

Na duka hilo ndilo la kulitazama kwa makini, maana ushahidi wote umo humo. Maduka ya vifaa vya kushonea ya Mtaa wa Uhuru mjini Dar es Salaam, au ya Biashara Street kule Mombasa na Nairobi, yalikuwa na harufu yake: wanga wa marikani mpya, mafuta ya cherehani, na moshi wa pasi ya mkaa uliokuwa ukiingia kutoka barazani, ambako fundi alikuwa akiinyunyizia maji nguo ya mtu. Vifungo vilishonewa kwenye vipande vya kadi. Lesi zilizungushwa kwenye mbao. Zipu zilifungwa kwa mafungu, kila fungu rangi yake, zikapangwa kuanzia nyeupe, maziwa, njano, mpaka nyeusi mwisho wa ukuta. Mteja hakuja akasema “nipe zipu nzuri”. Alikuja na kipande cha kitambaa alichokatiwa na fundi, hakizidi upana wa kidole. Mwenye duka alikichukua, akashusha mafungu matatu, kisha akatoka nayo mpaka mlangoni, kwenye mwanga wa jua, kwa sababu taa ya dukani hudanganya rangi. Pale akalaza kitambaa juu ya zipu moja baada ya nyingine, akikunja uso, mpaka akapata ile iliyopotea kabisa ndani ya kitambaa. Ndipo alipotaja bei. Ustadi wake wote, na wengine walikuwa na jicho ambalo hakuna mashine ingelishinda, ulikuwa ni ustadi wa kuifuta zipu. Zipu bora ilikuwa ile usiyoiona.

Fundi naye akaimalizia kazi hiyo. Alipiga pasi pindo mbili, akapiga bandi kwa uzi mweupe ili kitambaa kisitembee, akalaza zipu chini yake, akashona upande mmoja karibu na meno na upande wa pili mbali kidogo ili ubaki ulimi wa kuifunika. Kisha akafumua bandi na kupiga pasi tena juu ya kitambaa chenye unyevu. Kazi hiyo ikifanywa vizuri haisifiwi, kwa kuwa haionekani. Ikifanywa vibaya ubavu mzima unatuna kama aliyekula mbaazi. Walimu wa kushona wa shule za wasichana waliifundisha hivyo hivyo, na mtihani ulikuwa huo huo: simama hatua tatu mbali, utazame kama unaiona.

Sasa wapo wanaosema kwamba hiyo ndiyo desturi yetu na kwamba zipu ya nje ni utovu wa adabu ulioletwa na vijana. Kizuri chajiuza, husema, kibaya chajitembeza. Hoja hii inapendeza masikioni lakini historia inaikataa. Adabu ya kuficha kifungio ilikuja na mtindo wa nguo za kubana kutoka Ulaya. Pwani hii ilikuwa na adabu tofauti kabisa kuhusu mahali nguo inapofunguka. Itazame kanzu: nguo nzima nyeupe, tupu, halafu darizi yote imekusanywa shingoni na kwenye mpasuko wa kifua, yaani pale pale inapofungukia. Itazame kofia ya viua, ambayo uzuri wake ni matundu yaliyozungushiwa uzi kwa mkono. Kanga ina mji wake katikati, lakini huwezi kuiita kanga bila pindo. Na nyumba zenyewe za Lamu na Unguja: ukuta wa chokaa hauna kitu, nakshi zote ziko mlangoni. Watu hawa walipamba penye uwazi na penye ukingo. Zipu ni mlango wa nguo. Kinachohitaji maelezo, basi, ni ile miaka ambayo tuliuficha mlango huo, na wala si hii ambayo umeonekana tena.

Huko Ulaya kwenyewe adabu ya kuficha haikudumu kama inavyodhaniwa. Katikati ya miaka ya 1930 mbunifu wa mitindo Elsa Schiaparelli alikuwa Paris akiweka zipu za plastiki zenye rangi kali juu ya magauni ya jioni, kusudi zionekane. Vijana wa panki wa London miaka ya 1970 wakazitapakaza kwenye suruali hata mahali pasipofunguka. Kwa hiyo anayesema zipu ya nje tumeiga hakosei sana. Asisahau tu kwamba na ile ya ndani tuliiga.

Lakini sikubali pia kwamba pambo la zipu lilitua hapa kutoka kwenye majarida ya mitindo. Pambo la kwanza la zipu kwetu lilikuwa kiraka. Kichwa cha zipu kilipokatika mkia, na hukatika mapema kuliko kitu kingine chochote, mwenye nguo alifunga pini, au pete ya ufunguo, au uzi uliosokotwa. Mama aliyekuwa na zipu ya mgongoni na hana wa kumfungia alifunga utepe mrefu kwenye kichwa, akauvuta begani, kisha akautumbukiza ndani. Siku moja mtu akatia ushanga mwishoni mwa ule uzi ili usichomoke, mwingine akatia shanga tatu zenye mpango, wa tatu akakata kipande cha ngozi chenye umbo la jani. Hapakuwa na mbunifu. Kulikuwa na kitu kilichovunjika na mtu asiyependa kukiacha kibaya.

Miaka ile ya foleni, bidhaa zilipoadimika madukani, ikazidisha hali hiyo. Zipu ya rangi inayolingana ikawa ndoto. Fundi alipewa zipu ya shaba iliyofumuliwa kwenye suruali chakavu, akaambiwa aitie kwenye gauni la waridi. Shaba ya zamani kwenye joto la pwani huota kutu ya kijani, ikakwama, ikapakwa mshumaa au risasi ya penseli mpaka iteleze. Huwezi kuificha zipu ya namna hiyo; ina mwili. Mafundi wenye akili wakaacha kushindana nayo. Walikata kitambaa cha rangi nyingine, wakaizungushia kisanduku chembamba kama fremu ya dirisha, wakaipiga mishono miwili iliyokwenda sambamba, na ikaonekana kana kwamba ilikusudiwa. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo ufundi wa kupamba zipu ulipokomaa hapa kwetu, na haukuandikwa popote.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Mitumba ikaleta zipu za kila nchi kwa pamoja, na fundi akawa anafumua zaidi ya anavyoshona. Zipu ya nailoni ikashuka bei mpaka watu wakaacha kuitengeneza. Ikifa inatupwa pamoja na nguo. Viwanda vya China vikaleta za dhahabu, za fedha, zenye mawe ya kumetameta, zikauzwa kwa mita na vichwa pembeni. Kisha simu zikaingia mikononi mwa wateja, na mteja hakuja tena na kipande cha kitambaa bali na picha.

Na hapa ndipo zipu ya dhahabu inapokera, ingawa si kwa sababu inaonekana. Inakera kwa sababu mara nyingi imeshonwa nje na mtu asiyeweza kuishona ndani. Imebandikwa mgongoni, mshono mmoja huku na mmoja huko, chini imeishia kwenye kifundo cha uzi, maua ya kitenge upande wa kushoto hayakutani na ya kulia. Zipu ya kuficha humsamehe fundi kwa kuwa ulimi wa kitambaa hufunika makosa. Ya nje haifuniki kitu. Kitenge cha pamba kisipofuliwa kabla ya kushonwa kitarudi baada ya kufuliwa mara ya kwanza, utepe wa poliesta hautarudi, na mgongo mzima utakunjamana kama karatasi iliyolowa. Pasi ikigusa meno ya nailoni yatayeyuka. Zipu ya chuma ikiwa ndefu mno haikatwi kwa mkasi hivi hivi. Meno yaliyozidi hung'olewa moja moja kwa koleo na kizuizi kurudishwa mahali pake. Anayedarizi utepe wake lazima aache nafasi ya kupita kichwa, la sivyo ua lake zuri la kwanza litakuwa ndilo linalokwamisha. Zipu ya kuonekana, kwa kifupi, inadai kazi kubwa kuliko ile iliyofichwa, na waliochukua ruhusa ya kuionyesha wengi hawakuichukua kazi iliyokuja nayo.

Watanijibu kwamba mteja halipii kazi hiyo, na watakuwa wamesema kweli. Gauni la dukani limefika likiwa limekwisha kushonwa, bei yake haimwachii fundi hata nafasi ya kupiga bandi, sembuse kutunga shanga. Mteja akiambiwa bei imepanda kwa ajili ya pambo la mgongoni husema, “Si zipu tu?” Lakini hoja hii ingekuwa na nguvu zaidi kama mapambo yote yangekuwa ya gharama. Mengi ni ya mabaki. Kipande cha kitenge kinachofagiliwa chini ya cherehani kinatosha kuzungushia utepe pande zote mbili ukawa na ukingo wa rangi. Mshono wa mnyororo kwa uzi wa kudarizi, mstari mmoja tu kandokando ya meno, hubadilisha sura ya zipu ya bei ya chini kabisa. Zipu ya chuma iliyokufa hukunjwa meno yakitazama nje, ikazungushwa na kushikizwa kwa sindano ikawa ua la kubandika kwenye mkoba au begani. Washonaji wa mikoba wamelielewa hili mapema kuliko washonaji wa magauni. Kiondo kilichotiwa bitana, zipu na kishikio cha shanga kinauzwa kwa sababu ya mdomo wake, kwani mkonge au sufu ya chini yake ni ile ile ya kiondo cha jirani.

Turudi kwenye gauni lile la ubavuni, ambalo mwanafunzi wetu amekwisha kulivua. Juu kabisa ya zipu, chini ya kwapa, mahali ambapo hata mvaaji haoni, kuna kulabu ndogo ya chuma, na mkabala wake kitanzi cha uzi. Kitanzi hicho hakikununuliwa. Fundi alipitisha nyuzi tatu au nne kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, kisha akazizungushia mshono wa tundu la kifungo, kifundo kando ya kifundo, vyote vimelala upande mmoja, mpaka zikawa ngumu kama waya. Mara nyingine uzi wenyewe una rangi iliyoachana kidogo na ya gauni. Mshono huo huo ndio unaofaa kuzungushia utepe wa zipu ya dhahabu, na kuufanya kunahitaji sindano, uzi, na mtu aliyekaa karibu na mlango penye mwanga.